Mcheza kwao hutunzwa. Na mcheza ugenini je? Nasaha kwa mgeni wa mchezo wa mtandaoni aliyeko Maseno

Kila mwaka nafasi za vyuo zikishagawanywa, wako watoto wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu ambao majina yao yaangukia Chuo Kikuu cha Maseno. Kutoka Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Gari moshi hadi Nairobi, basi la kushuka Bonde la Ufa na kupanda tena hadi Kisumu, kisha kama kilomita 25 nyingine kwenye barabara ya Busia, mpaka pale mstari wa ikweta unapopita. Kijana aliyezoea baraza, kahawa ya jioni na mjomba kila kona ajikuta katika chumba cha kupanga ambapo hata jina la jirani halijui.

Hapo ndipo simu yageuka baraza. Wengine huingia TikTok, wengine huingia kubeti (na hilo tutalisema mbele), na wengine huingia katika michezo ya mtandaoni ambamo mtu huchagua umbo, hulipa jina, akaishi maisha ya pili pamoja na maelfu ya watu wengine kwa wakati mmoja. Makala hii ni ya hawa wa mwisho, na ya wazazi wao ambao husikia tu "nacheza gemu" bila kujua kinachochezwa ni nini. Si kila gemu ni upotevu, na si kila gemu ni burudani. Lililo muhimu ni kujua namna ya kuingia, namna ya kukaa na watu, na wakati wa kutoka.

Mchezo wenyewe

Nitachukua mfano mmoja ili tusizungumze hewani: Old School RuneScape. RuneScape ya kwanza ilifunguliwa Januari 2001, ikatengenezwa na ndugu wa ukoo wa Gower huko Uingereza, na kampuni yake, Jagex, iko Cambridge. Mwaka 2013 kampuni ilirudisha sura ya mchezo jinsi ilivyokuwa mwaka 2007, kwa sababu wachezaji wenyewe waliipigia kura. Oktoba 2018 ikaingia kwenye simu.

Nimeuchagua huu kwa sababu tatu. Kwanza, kuanza ni bure. Pili, picha zake ni za kizamani, kwa hivyo hauhitaji simu ya bei kubwa. Tatu, mchezo huhesabu wakati kwa vipande vya sekunde 0.6. Kila unachokifanya, kukata mti au kupiga adui, husubiri kipande chake. Maana yake ni kwamba mtandao ukichelewa kidogo hauadhibiwi sana kama kwenye michezo ya kufyatuliana risasi. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, lakini kutoka ufukweni kwetu hadi chumba cha kupanga cha Maseno bado ni mwendo, na mwendo huo waonekana kwenye skrini. Mchezo wa pole pole wamfaa mtu wa huko.

Levo: piga hesabu kwanza

Mchezaji wa bure ana ujuzi wa aina 15: uvuvi, upishi, uchimbaji, uhunzi, ukataji miti, upiganaji na mengineyo. Karibu kila ujuzi huanzia levo ya 1 (upishi wa mgeni ni wa kuunguza tu) na kilele chake ni 99. Ukivua samaki wapata alama za uvuvi. Alama zikitimia, levo yapanda na fataki zalipuka juu ya kichwa chako.

Wageni wengi hudhani levo ya 50 ni nusu ya safari. Sivyo. Levo ya 2 yataka alama 83 tu. Levo ya 50 yataka alama 101,333. Levo ya 99 yataka 13,034,431. Ngazi hizi hujirudufu takriban kila baada ya levo saba, na kwa hesabu hiyo nusu ya safari ya 99 ni levo ya 92. Mtu afikaye 92 akadhani amebakisha hatua saba tu, kwa kweli amebakisha kazi sawa na yote aliyoifanya tangu aanze.

Tutie hesabu hiyo katika maisha ya mwanafunzi. Tuseme wapata alama 40,000 kwa saa, na mgeni huwa hapati hata hizo. Kufika 99 kwa ujuzi mmoja ni kama saa 326. Ukicheza saa tatu kila usiku bila kukosa, ni kama siku 109, yaani muhula mzima wa chuo, na huo ni ujuzi mmoja kati ya 15. Hesabu hii naiweka mbele kabla ya nasaha nyingine yoyote, kwa sababu anayeijua hawezi kudanganywa na sauti ya "nimebakisha kidogo tu."

Anza na kazi za watu, vita baadaye

Mgeni huona panga akataka kupigana. Huo ndio mwendo mrefu kuliko wote. Mchezo una hadithi fupi fupi ambazo mtu wakupa haja yake, wamtimizia, naye akulipa kwa alama. Mwanzoni, malipo hayo ni makubwa kuliko saa nyingi za kupiga kuku na majini wadogo.

Ukitoka kisiwa cha mafunzo wafika mji wa Lumbridge. Ingia jikoni katika kasri. Mpishi ataka yai, maziwa na unga ili atengeneze keki. Mpelekee, naye akupa alama 300 za upishi, zinazokutoa levo ya 1 hadi ya 4 kwa mara moja. Kisha tafuta mhunzi kibete aitwaye Doric. Ataka udongo, shaba na chuma, na malipo yake ni alama 1,300 za uchimbaji, zinazokufikisha levo ya 10. Levo hiyo ya 10 ndiyo inayofungua kazi nyingine, ya kumtafutia askari upanga wake, na mwisho wake wapata alama 12,725 za uhunzi. Aliyekuwa levo ya 1 ya uhunzi aamka levo ya 29 bila kugonga nyundo mara elfu.

Waona mpango ulivyo: kazi moja yakufungulia nyingine. Kabla ya kukaa kugonga jambo moja usiku kucha, uliza ni kazi gani itakayokuvusha hapo. Nasaha hii hata katika shahada yako yafaa.

Ukitaka uvuvi, sisi watu wa Pwani tuna la kujivunia. Waanza na nyavu ndogo, wavua uduvi. Levo ya 20 wavua samaki wa mtoni kwa manyoya. Levo ya 40 wapanda mashua kutoka Port Sarim kwa sarafu 30, wavuka hadi kisiwa cha Karamja chenye migomba, pahali paitwapo Musa Point, ukaweke mitego ya kambakoche. Uduvi mmoja uliopikwa wakurudishia uhai wa alama 3 vitani. Kambakoche wakurudishia 12. Kwa hiyo anayepanda uvuvi na upishi pamoja ana chakula cha vita na bidhaa ya kuuza sokoni.

Jambo moja kuhusu mtandao. Alasiri za ukanda wa ziwa zina mvua na radi, na umeme hukatika. Mtandao ukikatika ukiwa vitani, mtu wako husalia pale kwa muda mfupi akipigwa na hana wa kumtetea. Mbingu zikianza kunguruma, acha vita, rudi kwenye uvuvi. Samaki hawaui mtu.

Adabu za baraza

Levo hupandwa na mtu peke yake. Marafiki hawapatikani hivyo. Mgeni mwingi aingia mji mkubwa, apaza sauti "nisaidieni pesa," apuuzwa, kisha asema wachezaji wana roho mbaya. Lakini hebu mtu afike barazani kwenu Old Town, hajasalimu, aombe mia mbili. Nani angemjibu?

Maneno ya hadharani husomwa na walio karibu nawe tu, kama sauti ya barazani. Kwa hiyo nenda watu walipotulia. Mapigano hayana mazungumzo. Kazi za pole pole ndizo zenye mazungumzo. Misonobari na mialoni yakatwa na watu wapitao, lakini kwenye mierebi ya Draynor, ambayo yataka levo ya 30 na iko jirani na benki, watu husimama saa nzima wakikata na kuongea. Kwenye mto wa kijiji cha Barbarian wavuvi husimama bega kwa bega. Hapo salimu, kisha kaa kimya kidogo, usikilize yanayozungumzwa.

Ukiona fataki juu ya kichwa cha mtu, mwandikie "gz". Ni hongera kwa ufupi, na ndiyo salamu nyepesi kuliko zote katika mchezo huu. Haina gharama, haiombi kitu, na asilimia kubwa ya urafiki wa humo huanzia hapo. Ukiitwa "noob", yaani limbukeni, usivimbe. Cheka, sema ndiyo ni mgeni, kisha uliza swali moja lenye maana. Mwenyeji hupenda kujua. Mpe nafasi ya kujua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Usimfuate mtu kila aendako. Usiokote kilichoangushwa na mwingine mbele ya macho yake. Ukisaidiwa, shukuru, na wiki ijayo msaidie mgeni mwingine. Ukishajulikana kwa tabia hiyo, utaalikwa katika klani, kundi lenye gumzo lake lenyewe. Chagua klani kwa mambo mawili: lugha wanayoitumia wakikasirika, na saa wanazokutana. Klani ya Wamarekani hukusanyika wakati Maseno ni saa tisa za usiku. Uanachama huo utakugharimu somo la asubuhi.

Na ukicheza na rafiki aliyebaki Mombasa, kumbuka jua lenu si moja. Magharibi ya Maseno huingia kama dakika 20 baada ya ya Mombasa, kwa kuwa mko mbali hivyo upande wa machweo. Mkiwekeana miadi ya "baada ya Magharibi," mmoja atakuwa bado hajaswali. Taja saa.

Wezi wa sokoni

Mji wa Varrock una soko kubwa ambapo bidhaa huuzwa na kununuliwa kwa bei inayopanda na kushuka. Penye soko pana matapeli. Mbinu zao si nyingi, na ukizijua nne hizi umekingika kwa sehemu kubwa.

Ya kwanza ni kurudufisha: "nipe sarafu elfu kumi nikurudishie elfu ishirini." Atakurudishia mara moja au mbili za ndogo, ukiweka kubwa anatoweka. Ya pili ni fundi wa deraya, asemaye atakupambia vazi lako la vita kwa dhahabu bila malipo. Hakuna ufundi huo mchezoni; ukimkabidhi umelizika. Ya tatu ni mwaliko wa kwenda kaskazini, ng'ambo ya handaki liitwalo Wilderness, ambako wachezaji wana ruhusa ya kukuua na kuchukua ulichobeba. Ukialikwa huko na usiyemjua, jua wewe ndiwe windo. Ya nne ndiyo mbaya zaidi, maana yatoka nje ya mchezo: kiungo cha "zawadi" kinachokupeleka kwenye ukurasa wa bandia uandike neno lako la siri. Mfanyakazi wa kweli wa kampuni hakuulizi neno la siri kamwe.

Dawa ni hizi. Weka namba ya siri ya tarakimu nne kwenye benki yako ya mchezoni. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Kila biashara huonyeshwa mara mbili kabla ya kukubaliwa. Soma tena ile ya pili, hapo ndipo vitu hubadilishwa. Kisha nenda chini ya kijiji cha Barbarian, kuna pango lenye milango iulizayo maswali ya usalama. Ukijibu na kupita ghorofa tatu za mwanzo wapewa sarafu 10,000 kwa jumla, na ghorofa ya nne wapewa viatu. Kwa mgeni hiyo ni pesa nyingi, na masomo yake yanafaa hata kwa M-PESA yako.

Pesa halisi je? Upo uanachama wa kulipia unaofungua sehemu kubwa ya dunia hiyo, na kampuni yenyewe huuza kitu kiitwacho bondi, chenye siku 14 za uanachama. Hayo ni halali mchezoni. Kununua au kuuza dhahabu ya mchezo kwa pesa taslimu kwa mtu binafsi kumekatazwa, na akaunti hufungwa. Najua kuna vijana duniani, Venezuela hasa, waliojikimu kwa kuuza dhahabu hiyo uchumi wao ulipoanguka. Hata hivyo usiweke pesa za HELB humo ukidhani ni biashara. Siku akaunti ikifungwa, hakuna pa kushtaki.

Kamari, na la dini

Mzazi Mwislamu ana haki ya kujua, kwa hiyo nayasema wazi. Kulikuwa na uwanja mchezoni ambamo watu walipigana kwa dau. Uliondolewa mwaka 2022, na kampuni imekataza michezo ya bahati nasibu kati ya wachezaji. Bado wapo wanaoitangaza kichinichini. Kamari ya sarafu za kubuni hukufundisha tabia ya kamari ya kweli, nayo Kisumu hadi Mombasa imeshawamaliza vijana wa kutosha. Ukiona tangazo lake, bonyeza kitufe cha kuripoti, uondoke.

Jambo la pili: mchezo una ujuzi uitwao Prayer, unaopandishwa kwa kuzika mifupa, na hadithi zake zina miungu ya kubuni kama Saradomin, Guthix na Zamorak. Yuko atakayesema ni ngano tu kama ngano nyingine, na yuko atakayesema moyo wake hautulii. Ujuzi huo waweza kuuacha levo ya 1 ukaendelea na uvuvi, upishi na uhunzi bila tabu. Moyo ukikusita, muulize mwanachuoni unayemwamini. Usimuulize mwenzako wa klani.

Toka, ujue Maseno

Sasa lililo kubwa zaidi. Mgeni wa mchezo na mgeni wa Maseno ni mtu mmoja, na adabu zinazomfaa ni zile zile. Ukiweza kusimama kwenye mwerebi wa Draynor ukamsalimia mtu wa Uswidi usiyemwona uso, waweza kumsalimia mama auzaye mboga nje ya lango lako.

Mwambie "Oyawore" asubuhi, na "Erokamano" akikupa nyongeza. Ukienda upande wa Luanda, hatua chache tu, wasalimia kwa "Mulembe". Watacheka matamshi yako, kisha watataka kusikia Kiswahili chako. Wenyeji wa huko hukitania Kiswahili cha Pwani na hukipenda kwa wakati mmoja. Utasikia pia lile la kwamba watu wa Pwani ni wavivu. Lipokee kama ulivyopokea "noob": cheka, kisha uwahi darasani. Anayependa mambo ya kompyuta asisahau kwamba Kisumu kuna vijana wakutanao LakeHub kutengeneza vitu, na Jamia ya Kisumu siku ya Ijumaa ina nyuso nyingi zilizotoka kwetu. Umbali ni nauli ya matatu tu.

Kwa hiyo nashauri utaratibu huu. Wiki mbili za kwanza za muhula usicheze kabisa. Ni wakati wa kujua watu, na marafiki wa chuo hupatikana wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Baada ya hapo, jiwekee saa moja siku za masomo na mbili wikendi, simu ya pili ikupigie kengele. Kwa kipimo hicho hutafika 99 muhula huu, lakini utamaliza kazi za mwanzo, utavua kambakoche, na utakuwa na klani ya watu wanaokujua kwa jina. Mitihani ikikaribia, iarifu klani yako kwamba unaondoka kwa wiki tatu. Klani njema itakutakia heri. Ikikulaumu, umeshajua thamani yake, itoke.

Mzazi mwenzangu, nawe badala ya kufoka "acha hiyo gemu," muulize mtoto wako maswali matatu: uko levo ya ngapi, umepata rafiki gani humo, na jirani yako wa chumba aitwa nani? Akijibu mawili ya mwanzo kwa furaha na la tatu akanyamaza, mpigie tena kesho. Na keshokutwa.